Mwaka wa kwanza chuoni: mwongozo wa muhula wa kwanza, tangu usajili hadi matokeo

Wiki ya nne ya muhula wangu wa kwanza niliingia ukumbini nikakuta watu wameketi kwa kuachiana viti, kimya, kalamu mkononi. Nikadhani nimekosea ukumbi. Kumbe lilikuwa jaribio lenye uzito wa asilimia 15 ya kozi nzima, na tarehe yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tuliyogawiwa siku ya kwanza, ukurasa wa tatu. Hakuna aliyenificha. Hakuna aliyenikumbusha pia.

Shuleni mambo yalikuwa yakikufuata. Kengele ilikuita, mwalimu alikagua daftari, mzazi aliulizwa kwa nini hukufika. Chuoni msaada upo, tena mwingi kuliko shuleni, ila umekaa ofisini kwake unakungoja. Usipoufuata, muhula utaisha na wenye msaada hawatajua hata kama ulikuwepo. Karibu kila ugumu wa mwaka wa kwanza ninaoujua unatokana na kuchelewa kuligundua hilo. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata kalenda: kila wakati una mtu au karatasi ya kuiendea.

## Kabla ya kuripoti

Hapa hapahitaji maneno mengi. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kwenye vyeti vyote, kitambulisho na barua ya kudahiliwa. Herufi moja ikitofautiana, lishughulikie kabla ya safari, kwa sababu siku ya usajili foleni ni ndefu na karani hana muda wa kusikiliza historia ya ukoo wenu. Toa nakala za kila cheti, kisha zipige picha uzihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe. Soma ratiba ya malipo uone kama ada hulipwa kwa mkupuo au kwa awamu, na nini hutokea awamu ikichelewa. Vyuo vingi humzuia asiyekamilisha usajili kufanya mitihani, hata kama hakukosa mhadhara hata mmoja.

## Wiki ya utambulisho

Wengi huitoroka kwa kuwa hotuba ni ndefu. Hotuba zingine kweli unaweza kuzisinzia, lakini usikose siku ya kutembezwa. Kabla wiki haijaisha uwe umefika kwa miguu yako sehemu nne: ofisi ya idara yako, maktaba, zahanati ya chuo, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ukishaujua mlango wakati huna shida, utaukumbuka siku maji yakifika shingoni. Mtu mwenye homa usiku hana nguvu ya kutafuta zahanati iko jengo gani.

Maktaba iendee peke yako mara ya pili, umwombe mkutubi akuonyeshe namna ya kuingia kwenye hifadhi ya majarida ya mtandaoni. Ni nusu saa tu. Kuna wanaofika mwaka wa tatu wakitafuta mtandaoni kwa bahati nasibu makala ambazo chuo chao kilishazilipia.

Wiki hii pia ndiyo utakayokutana na wakubwa wa mwaka wa pili na wa tatu. Kuwachezea wageni ni desturi ya zamani sana: katika chuo cha Paris zama za kati mwanafunzi mpya aliitwa bejaunus, kutokana na maneno ya Kifaransa bec jaune, mdomo wa njano, yaani kifaranga, naye alitarajiwa kuwalipia wenyeji karamu ya kumpokea. Utani wa kukucheka unapopita si shida. Ukiambiwa utoe pesa, unywe kitu usichokitaka au ufanye jambo la kukudhalilisha, kataa na ondoka. Huo si utani tena, na vyuo vina kanuni dhidi yake.

Ushauri wao wa masomo upokee, lakini akili za kuambiwa changanya na za kwako. "Kozi ile usisome, mtihani wake ni ule ule kila mwaka" ni kauli ambayo imeshawafelisha watu wengi. Kinachofaa kweli kutoka kwao ni mambo madogo: wapi pa kuchapisha kwa bei nafuu, mhadhiri yupi hujibu ujumbe haraka, maktaba hujaa saa ngapi.

## Wiki ya kwanza: mpango wa kozi

Kila kozi ina mpango wake wa maandishi unaoeleza mada, vitabu, tarehe na uzito wa kila kazi. Ndiyo karatasi niliyoipuuza mimi. Fanya hivi, jioni moja inatosha:

1. Kusanya mipango ya kozi zote. Ambayo hujaipata, muulize mhadhiri au kiongozi wa darasa.
2. Chukua karatasi moja kubwa, uchore wiki zote za muhula kuanzia ya kwanza hadi ya mitihani.
3. Andika kila jaribio, asaimenti na wasilisho kwenye wiki yake, pamoja na asilimia yake ya alama.
4. Tazama wiki zilizorundikana. Karibu kila muhula una wiki mbili au tatu ambazo kazi nne zinadaiwa pamoja. Kazi za wiki hizo lazima zianze mapema, na sasa unaziona zikija.
5. Bandika karatasi hiyo mahali utakapoiona kabla ya kulala. Kalenda ya simu ni nyongeza nzuri, lakini simu huonyesha siku moja moja. Karatasi hukuonyesha mlima mzima.

Kisha angalia krediti. Watu huzichukulia kama idadi tu ya kufikisha, kumbe ni kipimo cha saa. Katika mfumo wa Uingereza, krediti 1 ni takriban saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima una krediti 120. Katika mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS, mwaka una krediti 60 na kila moja ni saa 25 hadi 30. Chukua kozi ya krediti 15 kwa hesabu ya Uingereza: ni saa 150. Ikiwa mihadhara na semina zake jumla ni saa 30, zinabaki saa 120 ambazo hakuna ukumbi wala mwalimu. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kila wiki, kwa kozi hiyo moja.

Ratiba yenye nafasi nyingi nyeupe ndiyo inayowadanganya wageni. Zile nafasi nyeupe zina kazi yake, ila hakuna aliyekuandikia.

## Wiki ya 2 hadi ya 6: kuweka mazoea

Hizi ndizo wiki za thamani kuliko zote. Mazoea utakayoyashika hapa, mazuri au mabaya, ndiyo utakayofika nayo kwenye mitihani.

Anza na zile saa za kati, kwa mfano kuanzia saa nne mhadhara unapoisha hadi saa nane unapoanza mwingine. Ukirudi chumbani, zimepotea: utalala, utapiga soga, utafua soksi mbili. Usirudi. Chagua meza moja maktabani na ukae pale kila siku muda ule ule. Baada ya wiki tatu mwili utaketi wenyewe bila kuamuliwa, na jioni zako zitakuwa huru kwa kweli, bila ile hatia ya kutosoma inayokufuata hadi kwenye mpira.

Namna ya kusoma nayo inabidi ibadilike. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya siku moja tu, faida ya kukariri kwake ilikuwa imebaki takriban theluthi. Mhadhara si silabi tupu, lakini yeyote aliyefungua daftari baada ya mwezi akakuta mwandiko wake unamtazama kama mgeni anajua alichosema Ebbinghaus. Dawa ni kurudi kwenye somo ndani ya siku moja, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki mbili baadaye, kwa dakika chache kila mara.

Na kurudi si kusoma upya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Habari moja waliisoma mara mbili, nyingine wakaisoma mara moja kisha wakafunga na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, habari iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi. Kwa waliopimwa wiki moja baadaye mambo yaligeuka: habari waliyojipima waliikumbuka asilimia 56, waliyorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa, ufunike. Andika kwa maneno yako ulichoelewa, kisha fungua uone umeacha nini. Inaumiza, na unajiona mjinga. Kupaka kitabu rangi ya njano kunastarehesha zaidi, na ndiyo sababu watu wanapenda kufanya hivyo.

Katika mhadhara usijaribu kunakili kila neno. Andika hoja, mfano aliotoa, na alama ya kuuliza pale ulipopotea. Zile alama za kuuliza ndizo zitakazokupeleka kwenye hatua inayofuata.

## Kumwendea mhadhiri

Hapa ndipo wengi hukwama, tena kwa adabu. Tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kutomsumbua. Lakini mhadhiri huweka saa maalumu za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi hukaa ofisini peke yake saa hizo hadi wiki ya mwisho kabla ya mitihani, ndipo foleni inapofika kwenye ngazi. Nenda wiki ya tatu. Utakuta kiti kitupu na mtu mwenye muda.

Usiende na "sijaelewa chochote". Nenda na daftari, uonyeshe mstari: "Hadi hapa nimefuata. Hapa umesema hivi, mimi nikapata vile. Nimekosea wapi?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika tano, na mhadhiri huanza kukujua kama mtu na si kama namba ya usajili. Siku ukihitaji barua ya mapendekezo, atakuwa na cha kuandika.

Ukimwandikia, andika kwa barua pepe ya chuo, kichwa cha ujumbe kitaje kozi, na ujumbe uwe mfupi:

"Mhadhiri mpendwa, habari za kazi. Mimi ni fulani, namba ya usajili hii, mwaka wa kwanza, kozi ya Takwimu. Nimejaribu swali la 4 la zoezi la pili na nimeambatisha nilipofikia. Sielewi kwa nini tunagawa kwa idadi kutoa moja. Je, naweza kuja ofisini Jumatano saa zako za kuonana na wanafunzi? Asante."

Jina, namba, kozi, swali, ombi. Hakuna hadithi ya simu iliyoharibika. Asipojibu ndani ya siku tatu za kazi, mkumbushe kwa mstari mmoja wa heshima. Kukaa kimya kwake mara nyingi ni wingi wa barua, si chuki.

## Kazi za kuandika

Kosa la kwanza la mwanafunzi mpya si uvivu, ni kutojua kuwa kunakili aya ya mtu bila kumtaja ni wizi wa maandishi hata kama hukukusudia. Jifunze mapema mtindo wa kutaja vyanzo unaotumiwa na idara yako, kwa kuwa idara moja hutumia APA na jirani yake Harvard. Kila unaponukuu kitu daftarini, andika hapo hapo kimetoka wapi na ukurasa gani. Kuvitafuta vyanzo usiku wa mwisho ni mateso ya kujitakia.

Programu kama Turnitin hulinganisha kazi yako na maandishi mengine na kutoa asilimia ya kufanana. Asilimia hiyo si hukumu: nukuu zilizotajwa vizuri nazo huweza kuhesabiwa, na anayesoma ripoti ni binadamu. Kuhusu akili mnemba, kanuni hutofautiana hata baina ya kozi mbili za idara moja. Mwingine anaruhusu itumike kupanga mawazo, mwingine hataki kabisa. Uliza kabla ya kuandika, na jibu ulitunze kwa maandishi. Maoni yangu: ukiiruhusu iandike asaimenti za mwaka wa kwanza, utafika kwenye chumba cha mtihani ukiwa hujawahi kuandika hoja yako mwenyewe.

## Watu

Mwenzako wa chumba si lazima awe rafiki. Anatakiwa awe mtu mnayeelewana. Wiki ya kwanza, kabla hamjaudhiana, zungumzeni mambo manne: taa izimwe saa ngapi, wageni waje lini, usafi kwa zamu ipi, vitu gani mnatumia pamoja na vipi si vya kugusa. Mazungumzo hayo yana aibu kidogo yakifanyika mapema. Yakichelewa huwa ugomvi.

Upweke hauepukiki, na ni vizuri ujue kuwa hesabu yake ni ndefu. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliochapishwa mwaka 2018 na uliowahusisha wanafunzi wapya wa chuo, ulikadiria kuwa mtu hugeuka kutoka kufahamiana tu hadi rafiki wa kawaida baada ya takriban saa 50 za kuwa pamoja, rafiki baada ya saa 90 hivi, na rafiki wa karibu baada ya zaidi ya saa 200. Mwezi wa kwanza hakuna namna ya kufikisha saa 200 na mtu yeyote. Usijione umeshindwa. Yule unayemwona amezungukwa na watu kumi siku ya pili, naye bado hana rafiki.

Kinachosaidia ni kukutana na watu wale wale mara kwa mara: kundi la kujisomea la watu watatu au wanne, timu, kwaya, klabu, nyumba ya ibada. Jiunge na kimoja au viwili. Vitano vitakumaliza. Kundi la kujisomea liwe na sharti moja: kila mtu aje amesoma. Vinginevyo mmoja atakuwa mwalimu na wengine wasindikizaji.

Nyumbani piga simu kwa siku maalumu, si kila unapojisikia vibaya. Ukipiga katikati ya kilio, mama atashindwa kulala na wewe baada ya saa moja utakuwa unacheka na wenzako. Lakini huzuni ikidumu siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi, ukapoteza hamu ya chakula, usingizi na hata vitu unavyovipenda, hilo si la kungoja lipite. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati. Ule mlango uliokwenda kuuona wiki ya kwanza. Ikiwa yanakujia mawazo ya kujidhuru, nenda leo hii, na mwambie mtu akusindikize.

## Pesa na usingizi

Pesa ya muhula ukiipata kwa pamoja inaonekana nyingi kwa wiki mbili. Toa kwanza kodi ya chumba, ada na vifaa. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki za muhula ukiongeza moja, yaani muhula wa wiki 17 gawa kwa 18. Ile ya ziada ni ya dharura. Kila wiki chukua fungu lako moja tu, lililobaki likae mahali ambapo kulitoa ni usumbufu. Na usikopeshe fungu ambalo huwezi kuishi bila kurudishiwa.

Usingizi: kijana anahitaji saa 7 hadi 9. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kukopa kutoka kwenye kichwa kile kile unachokwenda kukitumia.

## Alama mbaya ya kwanza

Itakuja, hasa kwa aliyekuwa akiongoza shuleni. Sasa uko kwenye ukumbi uliojaa walioongoza shule zao. Ukipata 38 kwenye jaribio la kwanza, usiitupe karatasi. Kaa nayo, gawa alama ulizopoteza kwa sababu zake: sikujua mada, nilijua nikakosa muda, sikuelewa swali, nilikosea hesabu ndogo. Kila sababu ina tiba tofauti, na "nitaongeza bidii" si tiba ya yoyote kati yake. Kisha mpelekee mhadhiri ile karatasi. Na yule mwenzako aliyepata 80 bila jasho, ukiona vyaelea vimeundwa. Muulize anasoma vipi.

## Mitihani na matokeo

Wiki tatu kabla, tafuta mitihani ya nyuma maktabani na uifanye kwa saa, daftari limefungwa. Hakiki ratiba mara mbili: tarehe, saa na ukumbi. Ratiba za awali hubadilishwa. Ukiugua siku ya mtihani, nenda zahanati siku hiyo hiyo na upate cheti. Cheti cha wiki iliyofuata mara nyingi hakikubaliwi.

Wastani wa jumla, yaani GPA, hupimwa kwa krediti. Tuseme una kozi mbili: ya krediti 4 umepata pointi 3, na ya krediti 2 umepata pointi 5. Wastani wako si 4. Ni 4 mara 3, jumlisha 2 mara 5, unapata 22, kisha unagawa kwa 6: takriban 3.7. Kozi yenye krediti nyingi ndiyo inayokubeba au kukuzamisha, hata kama ile ndogo ndiyo unayoipenda. Soma pia kanuni kama alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye daraja la shahada. Kwingine zinaingia zote, kwingine unatakiwa kufaulu tu ili uendelee.

Matokeo yakitoka yakaonyesha kozi uliyofanya imeandikwa "haijakamilika", usidhani yatajirekebisha. Nenda idarani na ushahidi wa kazi ulizowasilisha, ndani ya muda wa rufaa uliotajwa kwenye kanuni. Na ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, nusu ya ushindi ni kuwepo: kuna wanaosafiri nyumbani kwa hasira au aibu, wakarudi muhula mpya kukuta marudio yalishafanyika. Kabla hujakata tiketi, jua tarehe, jua kama kuna ada ya kujiandikisha, na hakikisha jina lako liko kwenye orodha iliyobandikwa.